Mizuka ya Halloween ya Kujitengenezea Nyumbani

Huu ni mwaka wa sita tangu nianze kupamba baraza ya nyumba yetu hapa Minneapolis kwa ajili ya usiku wa tarehe 31 Oktoba, watoto wanapopita mlango kwa mlango wakiwa wamejivika kila aina ya mavazi na kuomba peremende. Mwaka wa kwanza nilinunua mapambo dukani. Mtoto wa jirani aliyatazama, akachukua peremende zake, akaenda zake bila kushtuka hata kidogo. Tangu hapo natengeneza mwenyewe, na nimeona kwamba kinachomtisha mtu si sura ya kitu bali ni kutojua mwanga wake unatoka wapi.

Kilicho rahisi zaidi ni toniki, kile kinywaji cha soda chenye uchungu. Sisi tuliokulia kwenye malaria tunaujua vizuri uchungu wa kwinini, na ni kwinini hiyohiyo, kwa kiasi kidogo, inayoipa toniki ladha yake na kuifanya ing'ae kwa rangi ya samawati inapomulikwa na miale ya urujuanimno (UV). Jaza chupa za kioo, tumbukiza vidole vya plastiki, kisha ifiche taa ya miale hiyo nyuma yake. Angalieni tu msiuziwe balbu ya kawaida iliyopakwa rangi ya zambarau, kwa maana hiyo haitoi miale inayotakiwa, na mtabaki mnatazama chupa za maji.

Ninaloliringia zaidi ni pambo la mzuka wa kioo, hila iliyopata umaarufu London mwaka 1862, pale mwanasayansi John Henry Pepper alipoitumia jukwaani akiendeleza wazo la mhandisi Henry Dircks. Mimi hutumia boksi kubwa lililopakwa rangi nyeusi ndani. Kishikwambi hulazwa chini, kioo chake kikitazama juu na kuonyesha uso mweupe unaotikisika kwenye giza, na juu yake huegeshwa bamba la plastiki angavu kwa pembe ya nyuzi 45, ukingo wa juu ukiinama kumwelekea mtazamaji. Sehemu ya mbele ya boksi hukatwa kiasi cha kukificha kishikwambi chenyewe. Anayechungulia huuona uso ukielea nyuma ya bamba, umesimama wima, na kwa sababu huona pia kilichopo nyuma yake, nikiweka pale kiti kidogo cha mwanasesere, huapa kwamba kuna mtu amekikalia. Lifute bamba kwa kitambaa laini kabla ya wageni kufika, kwani alama moja ya kidole itaufichua ujanja wote.

Barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, ikitiwa majini hutoa ukungu mzuri unaotambaa sakafuni, lakini ina masharti yake. Ubaridi wake ni nyuzi 78 chini ya sifuri, hivyo huunguza ngozi, nayo hugeuka moja kwa moja kuwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Ishike kwa glovu nene au koleo, iwe nje penye hewa, usiifungie kamwe katika chupa wala chombo kisichopitisha hewa maana kitapasuka, na unapoisafirisha fungua madirisha ya gari. Mara ya kwanza niliimimina yote kwenye maji ya moto, ukungu ukafumuka na kwisha kabla mgeni wa kwanza hajafika. Sasa natumia maji ya uvuguvugu na kuongeza kipande kimojakimoja.

Kosa lililoniuma zaidi, hata hivyo, lilikuwa la taa. Ili mzuka uonekane vizuri nilizima taa ya baraza, nikakaa na bakuli langu la peremende karibu saa nzima bila kuona mtu, hali nasikia watoto wakicheka nyumba ya pili. Kumbe hapa kwetu taa ya nje ikizimwa, watu huelewa kwamba nyumba hiyo haigawi kitu. Siku hizi naweka boga lililochongwa kwenye kila ngazi, ndani yake mshumaa wa betri, si wa moto, kwa sababu mavazi ya watoto huburura chini. Na kando ya bakuli nategesha taa ndogo inayomulika sakafu peke yake. Njia inaonekana, watoto wanapanda, na boksi linabaki gizani.