Farasi mzee anayechechemea: kabla hujanunua unga wa maumivu ya viungo

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Umeuliza umnunulie unga gani wa maumivu ya viungo farasi wako jike wa miaka 18 hapo Machame, anayetoka bandani amekakamaa asubuhi kisha anafunguka akishatembea kidogo. Mimi nafuga Usa River, na farasi wangu Mawingu alipita humo humo.

Alianza kuchechemea wakati wa masika, akiwa na miaka 16. Nikaagiza kutoka Nairobi ndoo ya unga wa glukosamini na kondroitini, virutubisho vinavyouzwa kwa ajili ya viungo. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Mwezi wa pili akaanza kunyoosha hatua, nikawapigia simu wenzangu kuwaambia dawa imepatikana. Wawili wakaagiza kwa neno langu, na hilo linaniuma mpaka leo. Maana ndoo ya tatu ilikwama njiani wiki sita. Nilijua atarudi kuchechemea, ikawa kila asubuhi namtazama miguu kabla hata ya chai. Hakurudi. Wiki sita bila unga, anatembea vilevile.

Ndipo mimi na saisi wangu, yaani mtunza farasi, tukakaa kuhesabu nini kingine kilibadilika mwezi ule wa pili. Matope yalikuwa yamekauka. Fundi wa kwato, ambaye zamani tulimwita siku tukimkumbuka, alikuwa ameanza kuja kila baada ya wiki sita na kupunguza ncha zilizorefuka mbele. Na daktari wa mifugo alikuwa ameshatuambia tupunguze pumba na mashudu ya alizeti. Kwa macho nilidhani Mawingu ana kilo 450. Daktari akatoa futi ya fundi cherehani: mzunguko wa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, sentimita 196, urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, 165. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, kisha gawanya kwa 11,880. Ikaja kilo 534! Miezi minne baadaye kifua kilikuwa 186, yaani kilo 480 hivi. Tulikwenda taratibu, na hei, yaani majani makavu, hatukumkatia, kwa sababu farasi akikaa muda mrefu na tumbo tupu hupata vidonda vya tumbo. Mpime jike lako leo hii, futi ni ya bei ndogo kuliko ndoo yoyote.

Halafu jua panapouma. Mwambie kijana amkimbize polepole kwa kamba, mahali pagumu na tambarare. Kichwa kikiinuka kila mguu fulani wa mbele unapokanyaga, huo ndio wenye maumivu. Kwa miguu ya nyuma tazama nyonga, ingawa ni vigumu zaidi kuona. Daktari atakunja kiungo kimoja kimoja kwa dakika moja hivi, kisha aone anavyoondoka. Na si kila kukakamaa ni viungo. Huku kwetu kupe humpa farasi homa inayovimbisha miguu. Pima joto: farasi mzima ana nyuzi 37.5 hadi 38.5. Na kwato zikiwa na joto, naye anaegemea nyuma kukwepa kuzikanyaga, muite daktari siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Ukishajua kweli ni viungo na bado unataka unga, soma gramu, achana na picha ya farasi anayeruka. Kipimo kinachotajwa sana cha glukosamini kwa farasi wa kilo 500 ni gramu 10 kwa siku. Kuna ndoo ambazo kijiko chake hakifiki hata nusu ya hapo. Vidonge vya watu vya duka la dawa vina miligramu 500, kwa hiyo ungehitaji 20 kila siku. Ujue pia kwamba farasi walipopimwa damu, glukosamini waliyomeza ilifyonzwa chini ya asilimia 10. Sisemi haisaidii farasi yeyote. Nasema isiwe kitu cha kwanza kulipia.

Fenilbutazoni inapunguza maumivu kweli, lakini mpe kwa kipimo cha daktari tu, na usiichanganye na dawa nyingine ya maumivu. Ikizidi huumiza tumbo na figo.

Kama utaununua, mrekodi kwa simu kabla ya kuanza, sehemu ile ile, saa ile ile, kila baada ya wiki mbili. Usibadilishe kitu kingine kwa wiki nane, si chakula wala kazi, na fundi wa kwato abaki kwenye ratiba yake. Kisha uache unga wiki sita na uendelee kurekodi. Hapo pa kuacha ndipo mimi nilipopata jibu, tena kwa bahati tu ya mzigo kuchelewa.

Mawingu sasa ana miaka 21. Hapati unga wowote. Napima kifua chake kila mwezi, fundi haruki wiki yake ya sita, na asubuhi za baridi ya Julai saisi anamtembeza kwa kamba dakika kumi na tano kabla ya kuwekewa tandiko.