Muulize yeye: barua kwa mwanangu aliye Los Angeles

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikimenya ndizi, nikaurudia usiku baba yako alipokwisha kulala. Dakika nne unazungukazunguka, mwisho ndiyo ukalitoa: kuna binti wa Kimeksiko mmejuana kwenye programu ya kutafutia wachumba, miezi miwili mnaandikiana, na Jumamosi ijayo mnaonana uso kwa uso. Ukauliza, "Mama, hawa Walatino wanapenda nini? Nisije nikamkosea."

Najua kwa nini umeniuliza mimi. Miaka kumi na moja nilikesha wodi ya wazazi pamoja na sista aliyetoka Meksiko. Usicheke kwamba ushauri wa mapenzi unatoka kwa mtawa. Sista alikuwa na dada watano, na mambo yao yote niliyasikia tukingoja akina mama wajifungue.

Lakini swali lako, baba, limekaa vibaya. Mwaka wako wa kwanza huko ulinipigia kulalamika kuhusu mwenzako wa kazini aliyekuuliza kama unaongea "Kiafrika". Ulilalama mpaka salio likakwisha. Leo wewe unaniuliza Walatino wanapenda nini! Ndani ya neno hilo yumo Mbrazili anayeongea Kireno, yumo Mkuba, yumo Mwajentina mwenye babu Mwitaliano, na yumo huyu binti. Sista alikuwa akisema kwao hakuna aliyemwita Mlatino hata siku moja. Jina hilo alilikuta Marekani alipopita kwenda masomoni, akapewa kama mtu anavyopewa gauni la kuazima.

Katika zile dakika nne kuna jambo ulilipita mbio. Ulisema kwao ni Oaxaca, jimbo la huko Meksiko, na kwamba bibi yake haongei Kihispania, anaongea Kizapoteki. Ulilitaja kama kitu cha kuchekesha. Mimi ndipo niliposimamisha kisu. Meksiko serikali inatambua lugha za wenyeji 68, na Kizapoteki ni mojawapo, nacho chenyewe kina vilugha vingi mpaka kijiji hiki na kile hawaelewani. Kuna Wameksiko wanaowacheka watu wa Oaxaca kwa ufupi wao, kwa weusi wao, kwa lugha za bibi zao. Wana neno, "oaxaquita", linasikika kama la kubembeleza kumbe ni kofi. Usilitumie hata kwa utani, hata ukimsikia yeye mwenyewe analitumia na dada yake. Wewe uliyepigwa fimbo shuleni kwa kuongea Kihaya unaelewa bila mimi kueleza. Kwa hiyo akikutajia bibi yake tena, tulia. Muulize kwa Kizapoteki watu wanasalimianaje asubuhi. Akitaka kukufundisha, jifunze. Asipotaka, nyamaza, maana huenda kuna kidonda.

Na ule mpango wa kumpeleka kwenye ukumbi wa salsa, uache. Salsa ilikulia New York, kwa watu wa Puerto Rico na Kuba. Oaxaca wana bendi za matarumbeta zinazopigwa kuanzia harusini mpaka mazishini. Kumpeleka salsa kwa sababu ni Mlatino ni sawa na mtu akualike wewe ukaruke na Wamasai kwa kuwa pasipoti yako ni ya Tanzania. Labda anaipenda salsa, sijui. Labda anapenda sinema za kutisha. Mwambie tu, "Chagua wewe mahali utakapojisikia huru."

Hilo la kuchagua mahali nalisisitiza, na sababu yake haihusiani na muziki. Juni 2025 maofisa wa uhamiaji walipokuwa wakisaka watu hapo Los Angeles, viwandani na kwenye maegesho ya maduka, uliniambia hutoki nje ingawa kadi yako ya ukaazi unayo mfukoni. Fikiria basi familia ambazo kadi anayo mmoja na mwingine hana. Usimuulize habari za makaratasi yake. Usimuulize walivukaje, walikuja lini, baba yake anafanya kazi wapi kwa nani. Kwako ni mazungumzo, kwake laweza kuwa swali la polisi. Siku akitaka utajua, na siku hiyo funga mdomo wako hata kwa rafiki zako. Pia usijitolee kumfuata nyumbani kwa gari. Anwani ya kwao ni yake, ataitoa akishakujua. Mchana, mahali penye watu, kila mtu na usafiri wake, na akisema dada yake atakaa meza ya tatu kutoka yenu, msalimie dada yake kwa heshima.

Akitaka mpigiane simu ya video kabla ya Jumamosi, pokea bila kununa. Amesikia habari za wanaume wa Afrika wanaowaliza wanawake mtandaoni, na wewe umesikia za wasichana wanaoomba pesa ya tiketi. Wote mna haki ya kuogopa. Pesa isitumwe huku wala kule kabla hamjaonana. Picha za faragha usiombe, na ukitumiwa usimwoneshe yeyote. Hayo unayajua, nimeyaandika ili nilale.

Sasa kuhusu picha zako. Enzi zetu kulikuwa na marafiki wa kalamu. Unatuma jina lako, umri na unachopenda gazetini, barua zinaanza kuja. Mimi nilipata mmoja wa Dodoma, kabla ya baba yako (hili lisifike kwake). Alinitumia picha amesimama kando ya Vespa, mkono kiunoni. Tulipoonana stesheni Mwanza nikagundua Vespa ilikuwa ya mpiga picha, na kazi ya benki aliyoniandikia ilikuwa ya mjomba wake. Vespa sikuijali. Kilichonichoma ni kwamba miezi minane nilimwandikia mtu asiyekuwepo, nikamwambia siri zangu, halafu akashuka kwenye treni mtu mwingine. Yule aliyeshuka alikuwa kijana mzuri tu, ningempenda. Basi ile picha yako kando ya gari jeusi, itoe. Gari lako nalijua, nilichangia kulinunua.

Haya, vitu vichache vya Sista, uvichukue kama chumvi, si kama chakula.

Kwanza maneno. Sisi tuna "nakupenda" moja, tunampa mama, mchumba, hata mwimbaji wa redioni. Wao wanayo mawili. "Te quiero" ni jepesi zaidi, linaenda kwa rafiki, kwa shangazi, kwa mtu unayeanza kumzoea. "Te amo" ni zito. Ukiiachia simu ikutafsirie "nakupenda", yaweza kukutolea lile zito, ukaonekana umekuja na mahari mkononi siku ya kwanza. Na akikuandikia "te quiero" usianze kunipigia nitafute ng'ombe. Uchumba nao kwao wengi huuomba kwa mdomo, "Unataka kuwa novia wangu?", yaani mchumba wangu, na mpaka liulizwe na kujibiwa, hamjawa kitu. Mimi naupenda utaratibu huo. Ninyi vijana mnaishi miaka miwili hamjui mnaitanaje.

Pili, "te invito". Ukimwambia "te invito un café" umesema kahawa hiyo unailipia wewe. Kwa hiyo ukialika, lipa, usianze kugawana bili mezani. Lakini akitaka kulipa yeye, muache. Yule dada wa tatu wa Sista aliachana na mtu kwa sababu alimnyang'anya bili mbele ya wahudumu. Na kulipa chakula hakujakununulia kitu kingine chochote, hilo sitaki kulirudia.

Tatu, "ahorita". Wameksiko wakisema "ahorita" wanaweza kumaanisha sasa hivi, baadaye kidogo, au kamwe. Nilipolisikia niliona nimefika nyumbani, maana fundi wetu wa bomba naye "yuko njiani" tangu Pasaka. Ila wewe uwahi.

Kuhusu kusalimiana, wengi wao hugusanisha shavu la kulia, busu moja la hewani. Sista alipokuja mara ya kwanza alimfanyia hivyo mganga mkuu wetu, Mhaya wa watu akarudi nyuma mpaka akagonga kabati la dawa. Wewe usirudi nyuma, wala usiliendee shavu. Mngoje yeye. Akitoa mkono, mkono. Na usimwite "mami", lile la mitaani la kumwita mwanamke mrembo, kama hao rafiki zako wanavyokufundisha. Jina lake ni zuri, nimelitamka mara tatu jikoni mpaka likakaa sawa. Litamke hivyo hivyo.

Mwisho wa ujumbe ulishusha sauti, ukauliza kama ndugu zake watamkubali mtu mweusi. Sitakudanganya. Wapo watakaogeuza uso, kama wapo shangazi zako watakaouliza kwani Bukoba wasichana wamekwisha. Lakini usiingie na ngumi umekunja. Meksiko ina watu weusi wake wenyewe. Pwani inayoitwa Costa Chica, kwenye majimbo ya Guerrero na Oaxaca hiyo hiyo ya binti, kuna vijiji vya wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 2.5 nchi nzima wanaojitambua kuwa na asili ya Afrika. Na jimbo la Guerrero limepewa jina la Vicente Guerrero, mwenye damu ya Afrika, aliyekuwa rais na kupiga marufuku utumwa mwaka 1829. Sista alikuwa na picha yake kwenye kalenda. Mwingine atakuita "negrito", yaani mweusi mdogo, akidhani anakubembeleza. Waweza kusema kwa upole kwamba hulipendi, na jinsi huyo binti atakavyosimama hapo ndivyo utakavyomjua, kuliko miezi miwili ya kuandikiana.

Na wewe utamsimamiaje siku nikimuuliza swali la kijinga? Maana nitamuuliza, najijua.

Tukifika huko. Kwanza ni Jumamosi tu, kahawa moja. Huenda ukarudi umeona hamwendani, na hilo nalo uliseme waziwazi siku ile ile, kwa sauti yako, usipotee kimya kama wanavyofanya wenzako, eti kumfungia mtu simu. Akikuambia yeye ndiye haoni mwelekeo, mshukuru kwa muda wake, na usimtumie ujumbe wa pili.

Usibebe zawadi kubwa. Zile kahawa zetu za kutafuna nilizokutumia na binamu yako, chukua punje chache kwenye karatasi safi. Oaxaca nao wanalima kahawa milimani, ataelewa, na mtakuwa na cha kuongea kabla ya ulimi wako kulegea.

Halafu nina swali, nimelibeba tangu Sista aondoke. Aliniambia Oaxaca wanakula panzi, wanawaita "chapulines", wanakaangwa na vitunguu saumu, ndimu na chumvi, wanauzwa sokoni kwenye vikapu. Sikumwamini mpaka alipokula senene wangu bakuli zima bila kupepesa. Ila sikuwahi kumuuliza jambo moja: wao wanang'oa miguu na mabawa kama sisi, au wanakaanga hivyo hivyo? Muulize huyo binti, uniambie.

Mama yako