Re: Nilipie Reiki Master ya mtandaoni? SOMA KABLA HUJATUMA HELA

Dada, usitume hiyo hela. Nilikuwa nimeshalala, nikachungulia uzi wako, unauliza ulipie dola 1,200 za Master, daraja la juu la Reiki (ile tiba ya Kijapani ya kuwekea watu mikono), mawe ya kutibia upate wapi, na ukifungua kasenta Arusha uchaji ngapi kwa kichwa, usingizi ukakata palepale. Huyo ni mimi wa 2021, tofauti kitambi tu.

Level one nililipa dola 60, nikasema poa, hela ya kitimoto ya mwezi. Level two 250. Kila nikiuliza swali jibu ni lilelile, "hilo utalipata kwenye Master". Hapo ndo ningetoka. Ukiuliza ukaambiwa jibu liko level inayofuata, TOKA, usiage hata kidogo.

Sikutoka. Master ilikuwa dola 1,500 na sina, nikamwambia wife akope kwenye kikoba chake eti nanunua mashine ya kusaga. Basi siku ya siku nimekaa sebuleni, mshumaa unawaka, kompyuta juu ya ndoo iliyofunikwa kanga, mwalimu huko kwao Ulaya anatufumbisha macho watu arobaini kwa mpigo, anakaribia kuonyesha alama ya mwisho ambayo ndo siri yenyewe, LUKU ikaisha. Naingiza tokeni, narudi Zoom, watu wanaagana. Nikamwandikia. Akanijibu kwa upendo na nuru nyingi kwamba kuunganishwa upya na hiyo nguvu ya Reiki ni dola 150. Na nikalipa! Mtu mzima, nina watoto wawili. Halafu baada ya wiki ananiambia hiyo Master ni ya nafsi yako tu, ukitaka kufundisha wengine kuna Master nyingine. Mwanamke yule sijui analalaje usiku. Mganga wa kijijini kwetu akishachukua kuku wake mmemalizana, hakutumii imeili ya "ofa inaisha saa sita usiku".

Nilipokuja kusoma historia ndo nikachoka kabisa. Usui alianzisha hii kitu Japani 1922, ila bei ya Master ilipangwa na mama mmoja wa Hawaii, Takata, dola 10,000, na hiyo ni miaka ya sabini! Hadi anafariki 1980 alikuwa ametoa Masta 22 tu. Huyo angalau aliuza ghali kwa wachache, wa kwangu anafungua belo kila Jumamosi kama mitumba ya Karume.

Kwa hiyo mwulize mwalimu wako leo hiihii, swali gumu ulilonalo, ajibu SASA. Akikwambia subiri Master, rule ni ileile.

Kikoba nilimaliza kulipa mwaka jana, na wife bado kila wageni wakija anawauliza kama wameiona mashine yetu ya kusaga.

Ah, mawe. Usinunue. Mimi niliuziwa rose quartz, kijiwe cha pinki, dola 45 eti ya Himalaya, wakati Madagascar hapo baharini zinachimbwa kibao. Njoo uchukue langu bure, ila uje na tofali, maana hilo jiwe ndo linazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.