Shangazi, mke na mume kulala gesti ni aibu?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tuko Sengerema, ndoa ina miaka tisa na watoto watatu, hatujawahi kulala nje ya nyumba yetu sisi wawili tu labda msibani. Nimepata mgao wangu wa kikoba nikataka twende Mwanza mjini siku mbili, tukae kwenye vile vinyumba vya wageni wanavyokupa na chai asubuhi, ziwa unaliona dirishani. Mume anasema gesti ni za michepuko na eti tutadaiwa cheti cha ndoa. Mama mkwe nae kauliza kwani kwenu hakuna kitanda? Nifanyeje?
Mama Watatu, Sengerema

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitanda kipo, mama mkwe hajakosea, ila wewe miaka tisa unaamka kabla ya wote kuwasha jiko, sasa siku mbili uamke chai iko mezani kapika mtu mwingine na mumeo kakaa mbele yako hana pa kukimbilia, hicho ndicho unachoenda kulipia. Nakuunga mkono kabisa, nendeni.

Hilo la cheti lisimtishe. Sehemu nyingi mnaandika tu kitabu cha wageni, jina, umetoka wapi unaenda wapi, kazi, namba ya kitambulisho, saini, basi. Hosteli za makanisa baadhi ndio huuliza, kwahiyo kipigeni picha cheti kikae kwenye simu. Na aandike majina yenu ya kweli yote mawili, ana cha kuficha gani, yuko na mkewe.

La michepuko lina ukweli wake, nisikudanganye. Ukipiga simu kuulizia chumba uliza kama wana bei ya shoti taimu, wakisema ipo achana nao, tafuta nyumba ambayo mwenyewe anaishi hapohapo. Uliza kitanda ni sita kwa sita au tano kwa sita, neti ipo, maji ya moto yanatoka bombani au mpaka uletewe ndoo. Na uliza baa iko umbali gani!! Mimi na baba watoto tulishalala pahala pazuri kweli ila chini kulikuwa na baa, muziki mpaka saa tisa usiku, tukaamka tumenuniana na hakuna aliyemkosea mwenzie.

Chai pia ulizia, maana kuna wanaoita chai kikombe cha rangi na slesi mbili za mkate. Nyumba inayojali wageni utakuta chapati, mayai, matunda, hata supu ya sato ukiomba tangu jioni. Jua inaisha saa ngapi na chumba mnatoka saa ngapi, kwingine vyote ni saa nne, mkichelewa kulala mtavikosa.

Mimi ningewapeleka Capri Point, kumetulia, miti na mawe, na boti za kwenda Saanane ziko hukohuko. Kile kisiwa ni hifadhi ya taifa tangu 2013, dakika chache tu majini mnaona swala na pimbi, jioni mnarudi kuangalia jua linazama upande wa Jiwe la Bismarck. Kuoga ziwani msioge, kichocho kipo.

Kwenda, siku hizi basi linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, linawahi kweli, ila nyie hamuwahi popote, pandeni kivuko cha Kamanga kinawashusha mjini kabisa, mkae juu upepo uwapige, maongezi yaanzie hapo.

Watoto muombeni mama mkwe huyohuyo akae nao, na aombe mumeo mwenyewe, siku nyingi kabla, akimwambia waziwazi nampeleka mke wangu Mwanza tukapumzike. Akishalitamka hilo kwa mama yake hata hao watu anaoogopa watasema yuko na mchepuko hawatamsumbua tena kichwani.