Re: Namba mbili za THC kwenye kopo la maua ya bangi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kopo la maua ya bangi ambalo kaka yako alikupigia picha huko Kanada limeandikwa THC (kemikali ya bangi inayolevya) miligramu 9 kwa gramu na hapo hapo THC jumla miligramu 220, na kama maneno "mkulima mdogo" ni mbwembwe za biashara.

Namba hizo hazipingani. Ua lisilopashwa moto hubeba zaidi THCA, asidi isiyolevya, ambayo hugeuka kuwa THC inapochomwa; namba ya pili hukadiria kitakachopatikana hapo, na kwa kuwa asidi hiyo hupoteza kaboni dayoksaidi, kiasi chake huzidishwa kwa 0.877.

Ukulima mdogo nao ni daraja la leseni: sheria ya bangi ya Kanada ilipoanza mwaka 2018, eneo la mimea halikuruhusiwa kuzidi mita za mraba 200. Udogo peke yake haumhakikishii mtu ubora, ila humwezesha mkulima kukausha polepole. Sisi wa Moshi tunalijua hilo kwenye kahawa, maana mama yangu huifunika kahawa ya maganda jua la saa sita linapokuwa kali, ganda lisije likapasuka. Kwenye bangi kinacholindwa ni terpini, yaani kemikali za harufu, kama limonini ya maganda ya limau na kariofilini ya pilipili manga.

Ila kaka yako asithubutu kukutumia bangi hiyo hata kidogo, kwani hapa Tanzania Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haitambui leseni ya Kanada.