Jina lipo kwenye orodha, fedha hazipo kwenye seva

Jumanne iliyopita usiku kijana mmoja anayejifunza kutengeneza mifumo ya wavuti kwa Ember, zana ya JavaScript ya kujengea programu za wavuti, aliniandikia: "Shikamoo dada. Rekodi naiona kabisa kwenye orodha, lakini kwenye hifadhidata haimo. Bosi kaniambia mbele ya watu kwamba kazi siijui. Naomba unisaidie." Nikamjibu marahaba, nikamwomba anipe mpaka kesho yake. Usingizi haukuja mapema, maana maneno hayo hayo, "kazi huijui", niliwahi kuambiwa na mimi, na sababu ilikuwa ndiyo hiyo hiyo.

Ilikuwa mwaka 2017, Morogoro. Kampuni ndogo niliyokuwa nikiifanyia kazi ilipata tenda ya kutengeneza mfumo wa SACCOS ya wafanyabiashara wa sokoni. Mwanachama anakuja na fedha zake kaunta, karani anaandika jina, kiasi na tarehe, anabofya Hifadhi, basi. Tulichagua Ember kwa upande wa kivinjari, pamoja na Ember Data, maktaba yake ya kushughulikia rekodi. Ember si mtoto wa juzi. Yehuda Katz na Tom Dale waliitoa mwaka 2011, ikitokana na SproutCore, zana ya aina hiyo hiyo iliyoitangulia, na kufikia 2015 Ember Data ilikuwa imefika toleo la 2.0 na kutulia. Nilikuwa nimeisoma kwa bidii na nilijiamini. Miezi ya kujenga haina la kusimulia.

Mwisho wa mwezi wa pili wa matumizi, mama mhasibu wa pale alinipigia simu. "Mwanangu, daftari la mkono na mashine yako havielewani." Nikapanda basi siku hiyo hiyo. Nikakuta wanachama watatu wana stakabadhi za mkono, fedha zao zimo kwenye kasha, lakini kwenye mfumo hawaonekani. Karani, dada mmoja mpole sana, akaapa kwamba aliziandika zote na kuziona. "Nimeziona kwenye orodha kwa macho yangu," alisema. Mbele ya mwenyekiti na wajumbe wawili nikafungua hifadhidata, nikawaonyesha kwamba hazimo, kisha nikatamka kwamba mfumo uko sawa na karani ndiye aliyesahau kubofya Hifadhi.

Sentensi hiyo bado inaniuma kuliko tenda yenyewe tuliyokuja kuipoteza. Yule dada aliambiwa akae nyumbani wakati wanachunguza. Siku mbili baadaye, nikiwa peke yangu na kompyuta yangu, nikakata intaneti kwa makusudi, nikajaza fomu ya mwanachama wa kubuni na kubofya Hifadhi. Jina likatokea kwenye orodha pale pale, limekaa vizuri kama mengine. Hakuna kilichofika kwenye seva. Dada alikuwa amesema kweli tangu mwanzo.

Ukiita createRecord, amri ya kuunda rekodi katika Ember Data, rekodi mpya inaingia papo hapo kwenye stoo, yaani ghala la rekodi lililomo ndani ya kumbukumbu ya kivinjari, kabla seva haijaambiwa lolote. Na orodha unayoipata kwa findAll, amri ya kuleta rekodi zote za aina moja, ni orodha hai: chochote kinachoingia stoo kwa modeli (aina ya rekodi) ile kinajitokeza humo chenyewe, bila kuitwa. Kwa hiyo karani alikuwa anaona kilichomo stoo, ndani ya kivinjari chake, akidhani anaona kilichomo kwenye seva. Jioni anafunga kivinjari na stoo inafutika. Asubuhi anafungua, orodha inaletwa upya kutoka kwenye seva, na majina matatu hayapo. Nani atakumbuka majina matatu kati ya mia?

Kosa lingine lilikuwa langu waziwazi. Kuhifadhi kwa save kunarudisha ahadi (promise, kitu kinachosubiri jibu la seva), na ahadi ikivunjika unatakiwa uidake na kumwambia mtumiaji. Nilikuwa nimeidaka, lakini ndani sikuandika kitu. Wakati wa kujenga, maandishi mekundu kwenye konsoli, dirisha la kivinjari linaloonyesha makosa ya msimbo, yalinisumbua, nikayanyamazisha ili nionyeshe kazi safi. Na alama ya "inahifadhi" niliitengeneza mwenyewe kwenye kontrola, sehemu ya msimbo inayoongoza ukurasa: kweli nikianza, si kweli nikimaliza. Ikitokea hitilafu, alama yangu ilirudi kwenye "si kweli" sawasawa na siku ya mafanikio, na skrini ikatulia kana kwamba mambo ni shwari.

Kumbe rekodi yenyewe ilikuwa inajua kila kitu, ila sikuwahi kuiuliza.

Kila rekodi ya Ember Data inatembea na hali yake. Katika matoleo niliyoyatumia mimi, hali hizo zilikuwa na majina marefu yanayoanzia kwenye shina moja: rekodi mpya ambayo haijatumwa iko root.loaded.created.uncommitted, ikitumwa inakuwa root.loaded.created.inFlight, yaani iko njiani, na seva ikiipokea inatua root.loaded.saved. Iliyohaririwa inapita tawi la updated, iliyofutwa inapita tawi la deleted. Kwa kazi za kila siku huhitaji hata majina hayo marefu, kwa sababu kuna maswali mafupi ya ndiyo au hapana. isNew: seva bado haijaikubali kama rekodi. hasDirtyAttributes: ina mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, na ukikuta mafunzo ya zamani yanasema isDirty, ndiyo hiyo hiyo kabla ya kubadilishwa jina mwaka 2015. isSaving: iko njiani sasa hivi. isValid: seva haijaikataa kwa sababu ya yaliyojazwa. isError: ilitumwa, ikakwama kwa sababu nyingine.

Rekodi zile tatu za Morogoro zilikuwa zinasema isNew ni kweli na isError ni kweli muda wote zilipokaa mbele ya macho ya karani. Kama kiolezo changu (template, faili linalochora ukurasa) kingeuliza tu swali la isNew na kupaka mstari ule rangi nyingine, au kuandika pembeni "bado haijafika", yule dada asingekalishwa nyumbani siku hata moja.

Nilirudi Morogoro nikasema ukweli mbele ya wale wale. Karani alirudishwa kazini. Mkuu wangu wa kazi, aliyekuwa amepitisha msimbo ule bila kuusoma, akasimama akaniambia mbele ya mteja kwamba kazi siijui. Sikumjibu wakati ule, na leo simtaji. Lakini wewe unayesoma hapa, unayetaka siku moja uwe na kampuni yako na wateja wanaokuamini na fedha zao, jua kwamba mtu aliyepitisha kazi yako anaweza kukukana ndani ya dakika moja. Chunguza hali za rekodi zako mwenyewe kabla hajazichunguza mhasibu.

Sasa suala la makosa, ambapo naona vijana wengi wanakwama, na nadhani ndipo alipokwama aliyeniandikia.

Ember Data inatofautisha kukataliwa na kukwama. Seva ikirudisha jibu la 422, namba ya kusema yaliyojazwa hayakubaliki, pamoja na orodha ya makosa, rekodi inaingia hali ya kutokuwa halali: isValid inakuwa si kweli, na makosa yanapangwa ndani ya errors kwa jina la kila sehemu ya fomu. Hapo unaweza kuonyesha chini ya kisanduku cha simu kwamba namba haijatimia, na karani akianza kuirekebisha namba ile, kosa lake linaondoka lenyewe. Ni kazi nzuri sana na unaipata bure. Lakini seva ikirudisha 400, namba ya kusema tu kwamba ombi ni baya, kwa kosa lile lile, Ember Data haichukulii kwamba ni suala la yaliyojazwa. isValid inabaki kweli, isError ndiyo inayowaka, undani uko kwenye adapterError, na visanduku vyako vyote vinabaki vyeupe. Seva yetu ilikuwa inarudisha 400 kwa kila kitu. Mwenzetu wa upande wa seva aliona namba yoyote inayoanzia na 4 inatosha, na mimi sikuwahi kukaa naye kuulizana.

Hata ukiwa na 422, kama unafuata JSON:API, kanuni za jinsi seva na kivinjari vinavyopeana data, Ember Data inahitaji kila kosa lije na kielekezo kinachosema ni la sehemu gani, kwa mfano /data/attributes/phone-number. Likija limeandikwa phone-number peke yake, Ember Data haijui pa kuliweka, na karani haoni kitu. Nilipoteza siku nzima hapo. Herufi chache tu zilikosekana.

Na kuna upande wa pili wa uovu huo huo: rekodi inayozaliwa mara mbili. Laini ya pale ilikuwa nzito, modemu moja kwa ofisi nzima. Karani anabofya Hifadhi, haoni kitu, anabofya tena. Rekodi mpya ikiwa njiani, na save ikaitwa mara ya pili, ombi la pili la kuunda linatoka kweli, kwa sababu kwa mujibu wa rekodi bado ni mpya. Seva inapokea maombi mawili na kuandika michango miwili. Mwanachama aliyeleta shilingi 50,000 anasomeka ana 100,000. Kwenye konsoli linatokea kosa la kwamba rekodi imehifadhiwa lakini jibu limekuja na utambulisho mpya wakati tayari inao mwingine. Nililiona kosa hilo wakati wa majaribio na nikalipuuza. Dawa ya kwanza ni nyepesi: kitufe kizimwe pale isSaving ya rekodi ile ni kweli. Iulize rekodi yenyewe, usitegemee alama uliyojitengenezea.

Lakini kitufe kilichozimwa hakikuokoi pale ombi linapofika seva, likaandikwa, kisha intaneti ikakatika kabla jibu halijarudi. Kivinjari kinasema isError, seva inasema nimeshaandika, na wote wawili wako sahihi. Karani akijaribu tena, mchango unaingia mara mbili. Jambo hili lilinichukua muda kulielewa, na nilipolielewa nilijisikia nimekua. Rekodi ipewe utambulisho wake huku huku kwenye kivinjari, kabla ya kutumwa. Adapta ya Ember Data, sehemu inayozungumza na seva, ina generateIdForRecord kwa kazi hiyo, unairudishia UUID, yaani utambulisho mrefu usiojirudia. Ombi likirudiwa, linakwenda na utambulisho ule ule, na kanuni za JSON:API zinaitaka seva ijibu 409, namba ya mgongano, kama utambulisho huo tayari upo. Ukipokea 409 kwa mchango ulioutuma wewe mwenyewe, isome rekodi upya kutoka kwenye seva, ilinganishe na uliyonayo mkononi, zikilingana mwambie karani imeingia. Kumbuka tu kwamba ukifanya hivi, kukosa id (utambulisho) si dalili tena ya rekodi mpya. Wengi wanapima upya wa rekodi kwa kuangalia kama id ni tupu. Uliza isNew.

Mengine nayapitia haraka. Mtu akifungua fomu ya mchango mpya kisha akaondoka bila kuhifadhi, rekodi tupu inabaki stoo na itajitokeza kwenye orodha kama mzimu. Kwenye ruta (route, sehemu inayoshughulikia ukurasa), wakati wa kutoka, iangalie hali ya rekodi hiyo na uite rollbackAttributes, amri ya kutupa mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, ambayo kwa rekodi mpya inaiondoa kabisa. Kufuta kukishindikana kwenye seva, rekodi inabaki imeandikwa isDeleted, na rollbackAttributes hiyo hiyo inairudisha ilikokuwa. Na hasDirtyAttributes ina mipaka yake: inaangalia sifa za rekodi (kama jina au kiasi) peke yake. Ukibadilisha uhusiano, tuseme umemhamisha mwanachama kutoka kikundi kimoja kwenda kingine, itakuambia hakuna kilichobadilika. Vivyo hivyo ukigusa kitu kilicho ndani ya sifa ambayo yenyewe ni kifurushi cha thamani kadhaa (object). Kwa hayo itabidi ulinganishe mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikabidhi mfumo mwingine wa michango, safari hii kwa jina langu mwenyewe. Kabla ya kukabidhi nilikaa na makarani siku mbili, nikichomoa waya wa intaneti katikati ya kazi zao bila kuwaambia, mara ishirini na kitu. Kila mara skrini iliwaambia mchango upi umefika, upi uko njiani, upi umekwama. Walipofunga hesabu za mwezi wa kwanza, kasha na mfumo vilikutana hadi shilingi ya mwisho. Karani mkuu wa pale ni mama wa makamo. Aliniambia, "Huu unasema ukweli." Nimeyaandika maneno yake juu ya meza yangu.

Ndugu yangu unayejifunza, usinyamazishe hitilafu ili skrini ipendeze. Kuna mtu anakaa kaunta ambaye kazi yake na heshima yake vinategemea ulichoandika usiku ukiwa umechoka. Yeye hana konsoli. Ana skrini uliyompa wewe. Akisema "nimeona kwa macho yangu", mwamini kwanza, kisha kata intaneti ujaribu mwenyewe.

Yule kijana nilimwambia afungue zana za kivinjari, atazame jibu la seva pale anapobofya Hifadhi, halafu aiulize rekodi ile isNew, isValid na isError, aniandikie majibu matatu. Jana asubuhi kajibu: ndiyo, ndiyo, ndiyo, na seva yao inarudisha 400. Nimemtuma kwanza akakae na mwenzake wa upande wa seva wakubaliane 422 na vielekezo. Jioni atanitumia kiolezo cha orodha tukitazame pamoja.