Tai za Maafisa: Kabla ya Kuniuliza, Igeuze Kwanza

Nimenunua tai ya khaki ya afisa wa Marekani, Vita vya Pili vya Dunia. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Swali hili haliishi, na hakuna anayenitajia kitambaa. Igeuze, chomoa uzi mmoja mshononi, ushike kwa kibano juu ya kisahani, uwashe. Ukinuka nywele zilizoungua na jivu likasagika, ni sufu au hariri. Ukinuka karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka ukaganda kama ushanga, umeuziwa poliesta, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941 na kuingia madukani baada ya vita. Kufaulu moto peke yake si ushahidi, maana sufu inafumwa hadi leo. Tazama na urefu: tai za enzi zile ni fupi, kwa kuwa suruali zilipanda hadi kitovuni. Na muuzaji anayekataa kukutajia kitambaa, mwachie mali yake.

Naigiza nahodha wa jeshi la nchi kavu la Marekani, 1944. Tai nyeusi inafaa?

Hapana. Khaki. Nyeusi waachie wanamaji.

Fundo la Windsor je?

Fundo dogo la kawaida. Windsor ni nene, hula kitambaa, na tai fupi haina cha kuliwa.

Nina tai ya mistari ya rejimenti ya Uingereza. Niivae na sare ya afisa?

Jamani! Tai ya rejimenti ni ya nguo za kiraia. Ndani ya sare ya khaki inakaa tai ya khaki. Kwa suti, sawa, lakini rangi zile zina wenyewe. Ile ya buluu iliyokoza na damu ya mzee ni ya walinzi wa mfalme, na mzee aliyetumikia akikuuliza ulikuwa kikosi gani, utatazama viatu. Ukipenda mistari tu, tafuta isiyo ya kikosi chochote. Waingereza huishusha kutoka bega la kushoto la mvaaji. Brooks Brothers, wauza nguo wa Marekani, waliigeuza.

Ukosi wa ngozi unamfaa afisa wa enzi za Napoleon?

Ngozi ilivaliwa na askari wa kawaida, na ilikuwa kama adhabu. Marine wa Marekani, yaani askari wao wa majini, waliivaa tangu 1798 hadi 1872, wakabaki na jina la shingo za ngozi. Afisa wa Kiingereza mtafutie hariri nyeusi.

Naweza kuifua kwa mashine?

Usithubutu. Kitambaa kimekatwa hanamu na bitana ndani ni ya aina nyingine. Vikilowa, kila kimoja hurudi kivyake. Yangu ya sufu niliitia maji ya moto, ikatoka imejisokota kama kamba ya kisima. Pasi haikuisaidia.